Mkopo wa mahindi: tazama mwezi wa kulipa kabla ya kutia sahihi

Swali: "Naandika kutoka kijiji kilicho kando ya barabara ya Kasenga, si mbali na Lubumbashi. Ninalima hekta mbili za mahindi, na niko katika kikundi cha wanawake 24. Shirika moja la mikopo midogo la mjini liko tayari kunipa dola 1,500 mwishoni mwa mwezi wa 10: ni za miezi 9, riba asilimia 3 kwa mwezi, kulipa kila mwisho wa mwezi, huku wakikata dola 30 za faili na dola 150 za akiba wanayoishika mpaka mwisho. Wanataka pia mume wangu aandike ruhusa. Upande mwingine kuna mfanyabiashara anayetoa mifuko 10 ya mbolea na kilo 25 za mbegu, vitu ambavyo dukani vingenigharimu dola 500, nami nimrudishie mifuko 30 ya mahindi mwezi wa 5. Mwaka uliopita tuliuza mfuko wa kilo 100 kwa dola 24 mwezi wa 5, halafu mwezi wa 1 tukanunua wa kula kwa dola 46. Nichukue upi? Na kwa nini benki zenyewe hazitukubali?"

Jibu: Mama, umefanya jambo ambalo wakulima wengi wanaoniuliza habari za mikopo hawalifanyi: umeandika bei pamoja na miezi yake. Hizo ndizo zitakazotuongoza, kwa sababu katika mkoa wetu wa Haut-Katanga, huku Kongo, ambako msimu wa mvua ni mmoja na mahindi ya shambani huvunwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa kulipa una nguvu kuliko kiwango cha riba katika kuamua kama mkopo utakuinua au utakumaliza. Kwa ufupi, usitie sahihi mkopo wa dola 1,500 kama ulivyoandikwa. Mfanyabiashara, pamoja na ukali wa bei yake, ana hatari ndogo kuliko mkopo huo. Lakini njia ninayoipendelea kwenu ni ya tatu, nayo inaanzia kwenye ghala la kikundi baada ya mavuno.

Tuanze na shirika. Asilimia 3 kwa mwezi inasikika kuwa nafuu, hasa kwa mtu aliyewahi kuangukia mikononi mwa wakopeshaji wa mtaani, wale ambao nchi nzima inawaita Banque Lambert, wanaoweza kudai theluthi au hata nusu juu ya mkopo kwa mwezi mmoja. Ukisoma mkataba wako kwa makini, utaona kwamba riba inahesabiwa juu ya dola 1,500 zote mpaka mwezi wa mwisho, hata wakati ambapo umekwisha kurudisha zaidi ya nusu yake. Dola 45 mara miezi 9 ni dola 405. Deni lote linakuwa dola 1,905, yaani karibu dola 212 kila mwisho wa mwezi. Kwa kuwa mtaji ulio mkononi mwako unapungua kila mwezi na riba haipungui, riba halisi unayolipa ni kama asilimia 5 kwa mwezi. Na kwa kuwa siku ya kwanza unapokea dola 1,320 tu, baada ya kukatwa faili na akiba, inapita asilimia 6.

Hata hivyo, riba siyo inayonitisha zaidi. Weka mkataba huo kando ya kalenda ya shamba lako. Mwishoni mwa mwezi wa 10 unapokea fedha na kununua mbolea. Katikati ya mwezi wa 11, mvua zikishatulia, unapanda. Mwishoni mwa mwezi huo huo, mahindi yakiwa na majani mawili au matatu, unalipa dola 212. Mwezi wa 12 unapalilia na kulipa. Mwezi wa 1 unaweka urea na kulipa. Mwezi wa 2 na wa 3 watoto wanakula mahindi mabichi, nawe unalipa. Mwezi wa 4 masuke yanakauka, nawe unalipa tena. Hayo ni malipo sita, jumla dola 1,270, kabla hujauza hata mfuko mmoja wa mahindi makavu. Ulipokea dola 1,320. Maana yake ni kwamba katika mkopo huo mzima, fedha ambayo kweli inaweza kukaa shambani mpaka mavuno ni dola 50.

Nyingine zote zitatafutwa wapi? Nimewaona akina mama wakiuza mahindi mabichi ya shamba zima mwezi wa 2 ili walipe, wakabaki bila bukari, yaani ugali, ya mwaka. Nimeona familia zikikata miti na kuchoma makaa zaidi kuliko walivyokuwa wakichoma kabla ya kukopa, na wengine wakikopa kwa Banque Lambert ili walilipe shirika. Maafisa wa mikopo huandika kwamba mteja huyo analipa vizuri, naye anadidimia. Sidhani kwamba mashirika haya yana nia mbaya. Mkopo wa aina hii ulishonwa kwa kipimo cha mama anayeuza samaki au vitenge sokoni, ambaye anashika fedha kila jioni, na sasa anavalishwa mkulima ambaye anashika fedha mara moja kwa mwaka.

Sasa naomba tuufikirie mkopo mwingine, mdogo zaidi, wa dola 500, ambao ungetosha mifuko 10 ya mbolea na mbegu za hekta moja. Riba iwe ile ile ya asilimia 3 juu ya mtaji wote, lakini ulipwe mara moja tu, mwishoni. Ukilipa mwisho wa mwezi wa 5, miezi saba baadaye, deni ni dola 605. Kwa bei ya dola 24, hiyo ni mifuko 25. Tuseme sasa shirika linakuhurumia na kupunguza riba kwa nusu: deni ni dola 552 na nusu, yaani mifuko 23. Huruma hiyo imekuokolea mifuko miwili. Tuseme badala yake riba inabaki asilimia 3, lakini unaruhusiwa kusubiri mpaka mwisho wa mwezi wa 1. Riba ya miezi 15 ni kubwa, deni linafika dola 725. Lakini kwa bei ya dola 46 hiyo ni mifuko 16. Kusubiri kumekuokolea mifuko tisa, ingawa umelipa riba zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana ninasikitika kila ninapoona viongozi wetu wakizungumza juu ya riba peke yake, kana kwamba kuishusha kungetosha kumtoa mkulima katika umaskini.

Mifuko 25 au 16 ina maana gani shambani? Hekta ya mahindi isiyopata mbolea hapa kwetu hutoa chini ya tani moja. Tuseme mifuko 9. Hekta hiyo hiyo, ikipandwa mbegu nzuri kwa wakati, ikapata mbolea na palizi mbili, inaweza kufika tani 3, yaani mifuko 30. Mbolea imekuongezea mifuko 21. Ukilipa deni mwezi wa 5 kwa mifuko 25, umefanya kazi mwaka mzima na kurudi nyuma kwa mifuko 4, na huo ni mwaka wa mvua nzuri. Ukilipa mwezi wa 1, unabaki na faida ya mifuko 5. Ni faida ndogo, na sitaki kuipamba. Mbolea ilipanda sana bei mwaka 2022, na kwa mkulima anayeuza mwezi wa 5, kuinunua yote kwa mkopo ni jambo lisilolipa.

Kwa hiyo punguza kwanza kiasi unachohitaji kukopa. Weka mbolea kwenye hekta moja, au hata nusu hekta, badala ya kuitawanya kwenye hekta mbili. Na uiweke kwenye shimo, karibu na mbegu lakini isiiguse, kuliko kuimwaga juu ya ardhi. Mifuko ya kwanza ya mbolea ndiyo inayoongeza mavuno zaidi, na kila unaoufuata huongeza kidogo kuliko uliotangulia. Udongo mwekundu wa upande wenu mara nyingi una asidi nyingi, na mbolea inayotupwa kwenye udongo wa namna hiyo hupotea kwa sehemu. Chokaa ya kilimo ina bei ya chini kuliko mbolea ya NPK, na kazi yake hudumu misimu kadhaa. Kuhusu mbegu, chagua aina ambazo unaweza kuchagua masuke yake mazuri na kuyapanda tena mwaka unaofuata, kama zile zilizotolewa na Programu ya Kitaifa ya Mahindi tangu miaka ya 1970, ambazo wazee bado wanazijua kwa majina, Kasai 1 na Salongo 2. Mbegu za chotara huzaa zaidi kwenye shamba lililolishwa vizuri, lakini zinakulazimisha kurudi dukani kila mwaka, na mara nyingi kurudi dukani ni kurudi kwenye deni.

Nimekuja sasa kwa mfanyabiashara. Anakupa vitu vya dola 500 na kuchukua mifuko 30, ambayo mwezi wa 5 ina thamani ya dola 720. Ni ghali kuliko mkopo mdogo niliouchora hapo juu. Akiihifadhi mpaka mwezi wa 1, ataiuza dola 1,380, na faida hiyo kubwa, Mama, haitokani na mbolea aliyokupa; inatokana na kwamba yeye ana ghala na anaweza kusubiri, nawe huwezi. Pamoja na hayo, hakudai chochote mwezi wa 11, anakuletea mzigo kijijini, hakukati faili wala akiba, na bei ya mahindi ikianguka, hasara ni yake, kwa sababu deni lako limeandikwa kwa mifuko. Ndiyo maana nilisema kwamba, ukilazimika kuchagua kati ya mikataba miwili kama ilivyo, wa kwake hautakuvunja haraka kama ule wa shirika.

Lakini mifuko 30 ni mavuno yote ya hekta iliyofanikiwa. Usichukue mifuko yote 10 ya mbolea. Chukua mitano, na umwombe akubali mifuko 12 ya mahindi, usipite 15. Kisha hakikisheni mambo matatu yameandikwa na kusainiwa mbele ya mashahidi. La kwanza ni uzito: mfuko ni kilo 100 kwenye mizani, kwa maana ninyi na mimi tunaijua ile mifuko ya mwezi wa 5 inayojazwa mpaka juu na kushonewa kofia, ikachukua kilo 120 kwa bei ya 100. La pili ni mvua: zikikatika na shamba likaungua, deni linasogezwa mpaka msimu unaofuata bila kuongezwa mifuko. La tatu ni uhuru wa kuuza mahindi yako mengine kwa mtu yeyote, kwa sababu wengine huingiza maneno yanayokufunga kumuuzia yeye shamba zima kwa bei atakayoitaka.

Njia ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu. Mahindi mnayoyauza kwa dola 24 mwezi wa 5 hamyauzi kwa kupenda. Mnayauza kwa sababu kuna deni, kuna mgonjwa, na hakuna mahali pa kuyaweka ambapo fukusi hawatayafikia. Katika Niger, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, vikundi vya wakulima vimekuwa vikiweka nafaka zao kwenye ghala dogo la kijiji lenye makufuli mawili. Ufunguo mmoja unakaa na kikundi, mwingine na mkopeshaji. Mkopeshaji anatoa sehemu ya thamani ya nafaka siku hiyo hiyo ya mavuno, mkulima anamaliza shida zake, na nafaka inasubiri bei. Dhamana ni mahindi yenyewe, kwa hiyo hakuna anayeuliza hati ya ardhi.

Tupige hesabu kwa bei zako. Unaweka mifuko 20. Kwa dola 24, ina thamani ya dola 480, nawe unakopeshwa asilimia 60, yaani dola 288. Riba ya asilimia 3 kwa miezi minane ni dola 69. Tuseme ghala linagharimu dola 2 kwa mfuko, jumla 40, na kwamba mfuko mmoja unapotea kwa unyevu na wadudu. Mwishoni mwa mwezi wa 1 unauza mifuko 19 kwa dola 46 na kupata 874. Ukitoa riba na ghala, zinabaki 765, mahali pa zile 480 za mwezi wa 5. Hakuna mfuko wa mbolea utakaokupa faida ya namna hiyo bila kumwaga jasho jingine shambani.

Hapa ni lazima nikuonye, na naomba onyo hili usiliruke. Bei ikifika dola 31 tu, umetoka sawa na yule aliyeuza mwezi wa 5. Ikibaki chini ya hapo, umepata hasara. Na bei ya mahindi ya Lubumbashi haiamuliwi Lubumbashi. Mji huu umekula unga wa kusini tangu enzi ambazo kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa ikilisha wafanyakazi wake kwa mahindi yaliyotoka Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo), na hata leo bukari yetu inapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Tarehe 29 Februari 2024, rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na bei ya unga ikatuumiza sote. Mliokuwa na mahindi ghalani mlipata. Mwaka 2025 Zambia ikavuna zaidi ya tani milioni 3, mavuno makubwa kuliko yote iliyokuwa imewahi kuyapata mpaka wakati huo, na mambo yakageuka. Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa 4 na wa 5, ulizeni madereva na wachuuzi wa mpakani habari za mavuno ya upande wa pili. Ikiwa Zambia imejaa, wekeni ghalani nusu ya mahindi, muuze nusu. Na mkopo wa ghala usizidi asilimia 60 ya bei ya siku hiyo, hata mkopeshaji akiwa tayari kutoa zaidi, kwa maana sehemu iliyobaki ndiyo kinga yenu.

Uliuliza kwa nini benki hazikukubali. Sababu ya kwanza ni ardhi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali, na raia anapewa haki ya kuitumia. Haki inayoweza kuwekwa rehani benki ni ile iliyo na hati ya usajili kutoka kwa mhifadhi wa hati za ardhi, na hati hiyo inadai wapimaji, safari na gharama ambazo kwa hekta mbili hazina maana. Karatasi ya chifu wa kijiji inakulinda mbele ya majirani, na ni vizuri uwe nayo, lakini benki haiwezi kuiuza mnadani. Sheria hiyo hiyo iliahidi kwamba haki za wanavijiji juu ya ardhi za mila zingeamuliwa kwa agizo la rais, nasi tumelisubiri agizo hilo maisha yetu yote.

Sababu ya pili ni kwamba wakulima huanguka pamoja. Muuza vitenge mmoja akifilisika, jirani yake anaendelea kulipa; mvua ikikatika, au viwavi jeshi vya Kiamerika vilivyoingia Afrika mwaka 2016 vikishambulia, wakopaji wote wa barabara ya Kasenga wanashindwa mwezi mmoja. Hilo liangalieni pia ndani ya kikundi: dhamana ya pamoja, ambapo 24 mnalipiana, inafaa mmoja akiugua, lakini haiwezi kubeba ukame, kwa hiyo msikubali kudhaminiana kiasi kinachozidi akiba mliyo nayo. Sababu ya tatu ni gharama. Kumtembelea mkopaji wa dola 500 kwenye barabara ya matope ni kazi ile ile ya kumtembelea wa dola 50,000, na lori la unga likivuka mpaka linauzwa kwa wiki moja, kwa hiyo benki inamkopesha mwagizaji kwa furaha na kumwacha anayelima.

Kuna pia kumbukumbu. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa zamani, iliwahi kuwa na Benki ya Mikopo ya Kilimo, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilikufa katika machafuko ya miaka ya 1990, wakati wa uporaji wa 1991 na 1993 na wa bei kupanda kwa asilimia elfu kadhaa mwaka 1994. Wazazi wetu waliokuwa na akiba benki waliona ikigeuka karatasi. Tangu hapo watu huweka fedha zao kwa muda mfupi, na benki isiyo na akiba za muda mrefu haiwezi kukopesha kwa muda mrefu. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 ilipanga mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo, lakini sikushauri upange msimu wako juu ya fedha hizo.

Kuhusu ruhusa ya mume, simama imara. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha hilo, ikaweka mahali pake makubaliano ya wanandoa wote wawili kwa mambo yanayowafunga. Shirika linaweza kuomba kwamba mwenzako akubaliane nawe, lakini basi limwombe pia kila mwanamume anayekopa alete makubaliano ya mke wake. Uliza kwa upole kama ndivyo wanavyofanya.

Na sasa mambo ya kufanya. Rudi kwa afisa wa mikopo kabla ya mwezi wa 10, ukiwa na wanawake wengine wawili au watatu wa kikundi, na muombe dola 250 au 300 kila mmoja badala ya 1,500, riba pekee ilipwe kila mwezi na mtaji baada ya mavuno, au vyote baada ya mavuno. Waonyesheni kalenda ya mahindi kama nilivyoiandika hapo juu. Baadhi ya maafisa hawajawahi kuiona, na meneja anayetaka kuingia vijijini huwa anasikiliza. Ombeni mkataba uwe kwa dola ikiwa mnauza kwa dola, au kwa faranga ikiwa mnauza kwa faranga, kwa sababu anayekopa kwa fedha moja na kuuza kwa nyingine anabeba hatari ambayo hata wafanyabiashara wakubwa huiogopa. Na mtazame kama ofisi ina kibali cha Benki Kuu ya Kongo, kama inavyotakiwa na sheria.

Sehemu iliyobaki itoke kwenu. Likelemba mnaijua, lakini inampa mmoja fedha yote kwa zamu, na zamu ya mwingine huangukia mwezi asioihitaji. Kwa mbolea ni bora sanduku la akiba la pamoja, lenye makufuli matatu yanayoshikwa na wanawake watatu tofauti, utaratibu uliozaliwa eneo la Maradi, huko huko Niger, mwaka 1991. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka katikati ya mwezi wa 10 mnauza lengalenga, nyanya na mboga nyingine za mabondeni. Kila mmoja akiweka dola 2 kwa wiki, wiki 20 zinawapa dola 960, yaani mifuko 21 ya mbolea isiyo na deni la mtu yeyote. Si mingi kwa wanawake 24, ila kila mmoja anapata karibu mfuko mzima, na itamwonyesha mkopeshaji kwamba mnaweza kushika fedha pamoja.

Ghala msilianze kubwa. Chumba kimoja kikavu chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, mifuko isiyopitisha hewa kwa ajili ya fukusi, na mahindi yaliyokauka mpaka punje inavunjika kwa jino bila kubonyea. Yakiwekwa na unyevu huota ukungu wenye sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka wa kwanza kila mwanamke aweke mifuko mitatu au minne tu, na muandike kila mfuko kwa jina na uzito. Mkishaona kwamba mmeaminiana msimu mzima, jiandikisheni kama chama cha ushirika: kwa sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, ambazo nchi yetu inazifuata tangu mwaka 2012, watu watano wanatosha kuunda chama chepesi, na sheria hizo zinaruhusu akiba ya mahindi iwekwe dhamana huku ikibaki ghalani mwenu. Hapo ndipo mtakapoweza kumwita meneja aje kijijini, ahesabu mifuko na kufunga kufuli lake kando ya lenu. Na mizani nunueni wenyewe kabla ya mwezi wa 5, kwa fedha ya sanduku, hata kabla ya mfuko wa kwanza wa mbolea.